Kabla ya kununua kopo la kuongeza mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie matangazo na makala za afya zinazowalenga wanaume wanaotafuta mtoto. Wimbo wake ni mmoja: mbegu za kiume zinaharibiwa na "sumu za oksijeni", na dawa yake ni kopo la virutubisho vyenye antioksidanti, yaani viambato vya kuzima sumu hizo. Mengine yanaahidi majibu kwa siku 7. Nusu ya kwanza ya wimbo huo ni sayansi ya kweli. Nusu ya pili inawamaliza watu fedha na, kibaya zaidi, inawamalizia miaka. Miaka hiyo si ya mume peke yake. Mke anayesubiri naye umri unakwenda, na mayai yake hayaongezeki.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kutopata mimba wakati fulani maishani. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo upande wa mume unachangia, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Lakini huku kwetu mke ndiye anayetangulizwa. Anapigwa picha ya mirija kwa dawa inayosukumwa kizazini, anapewa vidonge vya kupevusha mayai, anazungushwa kwa waganga, na wakati wote huo mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mume hakina sindano wala maumivu. Si haki mwanamke akalazwa kwenye meza ya picha kabla mumewe hajapeleka kikopo maabara.

Halafu tuache kuchanganya nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba. Mwanamume anaweza kuwa imara kitandani, akatoa shahawa nyingi, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Sehemu kubwa ya shahawa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, siyo kwenye korodani. Kwa hiyo maneno ya "shahawa nyepesi kama maji" yanayotisha vijana redioni hayana maana bila hadubini. Jicho halihesabu mbegu.

Sasa hiyo oksijeni. Seli huchoma chakula kwa oksijeni ili zipate nguvu, na katika kuchoma huko oksijeni kidogo huponyoka ikiwa katika hali kali, yenye kushambulia chochote kilicho karibu. Tuiite oksijeni kali. Mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Povu linaloumuka ukiimwaga kwenye kidonda ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalasi, kilichomo katika damu na seli zetu, ambacho huipasua ikawa maji na oksijeni ya kawaida. Mwaka 1943 huko New York, John MacLeod aliziweka mbegu za kiume penye oksijeni nyingi zikapoteza mwendo. Alipoongeza katalasi, mwendo ukalindwa. Habari ya antioksidanti katika uzazi wa kiume ina umri huo.

Mbegu huumia haraka kuliko seli nyingi kwa sababu ya umbile lake. Utando wake umejaa mafuta laini, jamii ya yale ya samaki, na lazima yawe laini ili mkia upinde na kichwa kiungane na yai. Anayepika anajua kwamba mafuta ya samaki huchacha upesi na mafuta ya nazi huvumilia. Oksijeni kali ikiugusa utando wa mbegu, mafuta yake huchacha kwa kuambukizana, chembe moja ikiiharibu ya jirani. Utando unakakamaa na mkia unalegea. Isitoshe, mbegu imetupa karibu ute wake wote wa ndani ili iwe nyepesi, na humo ndimo seli nyingine huweka vimeng'enya vya kujikinga. Imebaki kutegemea ulinzi wa majimaji ya shahawa yanayoizunguka. Vinasaba vyake navyo vimebanwa sana kichwani, jambo linalovihifadhi, ila vikishachanika mbegu haina uwezo wa kuvishona. Kazi hiyo huachiwa yai baada ya kutungishwa. Yai la mwanamke kijana hushona mengi, na la mwanamke wa miaka 40 hushona machache. Ndiyo maana anaweza kuwapo mume mwenye idadi nzuri na mwendo mzuri, na bado mimba hazishiki, au zinashika na kutoka mapema.

Jambo ambalo matangazo hayaligusi ni kwamba mbegu inaihitaji oksijeni kali kidogo. Ikishaingia mwilini mwa mwanamke, lazima iive kwanza ndipo iweze kupenya yai: utando hubadilika, mkia huanza kupiga kwa nguvu, kofia ya kichwani hujiandaa kufunguka. Ishara zinazoyaanzisha mabadiliko hayo hutegemea oksijeni kali ya kiasi. Anayebugia antioksidanti bila kuwa na ziada ya kuiondoa anaweza kuzizima ishara hizo hizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari lisiwe "nitumie vidonge gani", liwe "hiyo ziada ipo kweli, na inatoka wapi?"

Jibu huanzia kwenye kipimo cha shahawa kilichofanywa sawasawa, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu majibu mengi yanayozunguka mikononi mwa watu hayafai kutegemewa.

Mume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Chini ya hapo idadi hushuka. Zaidi ya hapo idadi hupanda, lakini nyingi ni mbegu zilizokaa ghalani, mwendo umekwisha. Kuna imani ya kujizuia wiki tatu au mwezi mzima "kulimbikiza nguvu" kwa ajili ya siku za mke. Imani hiyo inafanya kinyume cha kinachotakiwa. Mbegu zilizokamilika husubiri katika epididimisi, mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, na kadiri zinavyosubiri ndivyo oksijeni kali inavyozidi kuzila. Mwaka 2009 David Greening wa Sydney alieleza matokeo ya wanaume 118 waliokuwa na mbegu nyingi zenye vinasaba vilivyochanika, ambao waliagizwa kutoa shahawa kila siku kwa siku 7. Wastani wa mbegu zilizochanika ulishuka kutoka 34% hadi 26%, bila kidonge chochote. Wapo ambao hawakunufaika, na kwa kuwa idadi hushuka mtu akitoa kila siku, mwenye mbegu chache mno asijiamulie peke yake. Kwa wengi waliobaki, kukutana kila siku au kila baada ya siku moja katika zile siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka ni ushauri bora kuliko kulimbikiza.

Shahawa itolewe kwa mkono moja kwa moja kwenye kikopo chenye mdomo mpana kinachotolewa na maabara. Kondomu za kawaida zina vilainishi vinavyoua mbegu. Sabuni, mafuta ya kujipaka na mate pia huziharibu, na chupa ya dawa iliyosuuzwa nyumbani haifai. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko mengine yote, hivyo likidondoka nje mwambie mtaalamu na kipimo kirudiwe siku nyingine. Wengi huona haya kusema, kisha wanaandikiwa "mbegu chache" na kuishi na jibu hilo. Ni bora kutolea pale pale maabara. Kama ni nyumbani, kikopo kibebwe mfuko wa ndani ya nguo, karibu na mwili, kifike ndani ya dakika 30 na isizidi 60. Kisiwekwe kwenye barafu, wala mbele ya gari juani.

Maabara nayo ina wajibu. Shahawa hutoka ikiwa nzito yenye mabonge na huyeyuka ndani ya dakika 15 hadi 30, ikichelewa sana 60. Isomwe ikishayeyuka, isiachwe mezani hadi mchana. Fomu ya majibu ionyeshe saa iliyotolewa na saa iliyosomwa, pamoja na siku ambazo mume alikaa bila kutoa. Mbegu zihesabiwe kwenye chemba ya kuhesabia, zisizopungua 200, kisha zihesabiwe tena kutoka tone la pili ili hesabu mbili zilinganishwe. Ikiwa mbegu nyingi hazitembei, rangi maalumu itumike kutenganisha zilizokufa na zilizo hai ila zimesimama, maana sababu zake ni tofauti. Na kabla ya kumwandikia mtu "sifuri", shahawa yote izungushwe kwenye mashine ya sentrifuji kwa kasi kubwa, dakika 15, na mashapo yake yatafutwe mbegu. Mbegu chache zikionekana, njia ya matibabu inabadilika kabisa.

Namba za kulinganishia zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni hizi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea 42%, zinazosonga mbele 30%, zenye umbo zuri 4%. Zilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka 1, na kila namba ni pale ambapo wanaume 5 tu kati ya 100 walikuwa chini yake. Maana yake ni kwamba wapo baba halali wa watoto walio chini ya namba hizo, na wapo walio juu yake wasiopata mtoto. Wapo wanaotoka maabara wakilia kwa sababu fomu imesema mbegu 96 kati ya 100 zina kasoro ya umbo. Nne zilizobaki zinatosha kuwa za kawaida! Anayekabidhi majibu aseme hivyo kwa mdomo wake, asimwachie mtu akasome mtandaoni usiku.

Kipimo kimoja kibaya si hukumu. Korodani hutumia takriban siku 74 kutengeneza mbegu, na wiki nyingine kama mbili hupita mbegu ikisafiri na kukomaa katika epididimisi. Jumla ni karibu miezi 3. Homa kali ya malaria iliyompata mtu mwezi wa pili inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mwezi wa nne, naye ameshaisahau. Kwa hesabu hiyo hiyo, dawa inayodai kuzalisha mbegu mpya kwa siku 7 inadai jambo ambalo mwili hauliwezi. Ukiliona tangazo la namna hiyo, huhitaji shahada kulikataa.

Sasa niliseme kosa linaloniuma kuliko mengine, la "seli za usaha". Fomu nyingi zina mstari huo, na mtu huandika 5 hadi 10, au 15 hadi 20, kwa kukadiria. Lakini katika shahawa kuna seli za duara za aina mbili ambazo bila rangi huonekana karibu sawa. Za kwanza ni chembe nyeupe za damu, dalili ya uambukizo au uvimbe. Hizi ndizo kiwanda kikubwa cha oksijeni kali, kwa sababu ndiyo silaha yao ya kuulia vijidudu, na mbegu iliyo karibu hupigwa pia. Za pili ni mbegu changa, zilizoteleza kutoka korodani kabla ya kukamilika. Hizo siyo usaha na hakuna antibayotiki inayozitibu. Kisha mtu anapewa doksisaiklini, anafuatiwa na siprofloksasini, baadaye sindano, na miezi inapita "usaha" haupungui kwa sababu haukuwapo tangu mwanzo. Tumbo lake limevurugika na vijidudu vya mwili wake vimezoea dawa.

Kuzitenganisha hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kuna rangi ya kuonyesha kimeng'enya cha peroksidesi, inayochanganywa na haidrojeni peroksaidi kidogo: chembe nyeupe zenye kimeng'enya hicho hugeuka kahawia, mbegu changa hubaki bila rangi. Zinahesabiwa zile za kahawia. Kikomo kilichokubaliwa ni milioni 1 kwa mililita. Mgonjwa anayeambiwa ana usaha ana haki ya kuuliza kama rangi hiyo ilitumika, na daktari ana haki ya kuirudisha fomu.

Chembe nyeupe zikiwa kweli zimezidi, chanzo kitafutwe: klamidia na kisonono kwa mkojo wa kwanza, vijidudu vya njia ya mkojo kwa kuoteshwa. Mke na mume watibiwe kwa pamoja, la sivyo wataambukizana upya. Na wataalamu wa Pemba, Unguja, pwani na maeneo ya mpunga kama Shinyanga wasisahau kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo hiyo hukwama katika tezi dume na vifuko vya shahawa kama yanavyokwama kwenye kibofu, yakaleta uvimbe wa muda mrefu, na wakati mwingine damu katika shahawa. Tiba yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mkupuo. Ni dawa ya bei nafuu, na kijana aliyekulia kuogelea kwenye madimbwi anastahili kuulizwa habari hiyo kabla ya kuuziwa kopo.

Chanzo kingine kikubwa ni varikoseli, yaani mishipa ya vena iliyotanuka juu ya korodani. Watu huichanganya na ngiri na busha. Ngiri ni utumbo ulioteremka, na busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Varikoseli ukiishika ni kama kushika tambi zilizopikwa ndani ya mfuko, na hujaa zaidi mtu akisimama. Mara nyingi iko kushoto, kwa kuwa vena ya korodani ya kushoto hupanda kuingia katika vena ya figo kwa pembe mraba, na damu hurudi nyuma kwa urahisi. Korodani zinatakiwa ziwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu iliyotuama inazipasha joto, na joto hilo linaongeza oksijeni kali. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, wengi wao bila shida yoyote, lakini miongoni mwa wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio ni 35 hadi 40 kati ya 100.

Daktari aipime kwa mkono, mgonjwa akiwa amesimama katika chumba chenye joto la wastani, kisha amwambie afunge mdomo na pua asukume kama anayejisaidia. Inayoonekana kwenye ultrasaundi tu na haishikiki kwa mkono haipasuliwi kwa sababu ya uzazi. Inayoshikika, pamoja na kipimo kibaya cha shahawa na mke asiye na tatizo lisilotibika, inafaa kufungwa na mpasuaji anayejua kuiacha ateri na mirija ya limfu. Mirija ya limfu ikifungwa kwa makosa mtu anaweza kutoka na busha. Matokeo yaangaliwe baada ya miezi 3 hadi 6. Chupi ya kubana wala barafu haiondoi varikoseli.

Vyanzo vingine navitaja kwa haraka kwa kuwa vinajulikana: sigara na shisha, pombe nyingi, kisukari kisichodhibitiwa, unene wa tumbo, kunyunyizia viuatilifu bila kinga, na joto la kazi kwa waokaji na madereva wa masafa marefu. Lipo moja lisilosemwa vya kutosha. Vijana wa jimu wanaochoma sindano za testosteroni ili wapate misuli wanaiambia akili kwamba homoni imetosha, na akili inazima amri ya kutengeneza mbegu. Mbegu huweza kufika sifuri, na kurudi kwake baada ya kuacha huchukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Hakuna antioksidanti inayoliponya hilo. Kibaya zaidi, wapo wanaume wenye mbegu chache wanaoandikiwa testosteroni hiyo hiyo kama dawa ya uzazi. Ni kosa, na likitokea inafaa kutafuta maoni ya daktari wa pili upesi.

Nirudi kwenye kopo. Watafiti wa Marekani walilipima. Katika jaribio liitwalo MOXI, lililochapishwa mwaka 2020, wanaume 171 wenye shida ya uzazi waligawanywa: nusu walipewa mchanganyiko wa vitamini C miligramu 500, vitamini E, seleniamu, zinki miligramu 20, foliki asidi, laikopini na miligramu 1,000 za karnitini, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 3 hapakuwa na nafuu katika idadi, mwendo, umbo wala vinasaba, na watoto hawakuongezeka. Jaribio la pili, la jozi 2,370 za wenzi, lilitoka mwaka huo huo: miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za foliki asidi kila siku kwa miezi 6. Waliozaa walikuwa 34% kwa waliotumia na 35% kwa wasiotumia. Vinasaba vilivyochanika vilikuwa vingi kidogo zaidi kwa waliotumia, na matumbo yaliwasumbua zaidi. Zipo tafiti ndogo zenye matokeo ya kutia moyo, lakini nyingi zina kasoro za uandaaji, na zikichujwa zenye kasoro kubwa faida huyeyuka. Vyama vya wataalamu vya Marekani katika mwongozo wa mwaka 2020 viliandika kwamba manufaa ya virutubisho hivi ni ya kutiliwa shaka.

Sisemi kwamba hakuna anayeweza kunufaika. Majaribio hayo hayakuwachagua wanaume waliopimwa na kukutwa na ziada ya oksijeni kali. Anayevuta sigara, mwenye chembe nyeupe nyingi zinazotibiwa au aliyefungwa varikoseli juzi huenda ana nafasi hiyo. Akitaka kujaribu, afanye pamoja na tiba ya chanzo, kwa dozi ya kawaida, miezi 3 kamili, apime tena, na kama hakuna badiliko aache. Zinki zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huzuia madini ya shaba kufyonzwa na huleta upungufu wa damu. Seleniamu zaidi ya mikrogramu 400 hudondosha nywele na kucha. Vitamini E ya vipimo 400 (IU kwenye lebo) kila siku, katika jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha wanaume zaidi ya 35,000, iliongeza saratani ya tezi dume kwa 17%. Watu wanaokunywa makopo matatu ya kampuni tatu kwa mara moja hujikuta wamevuka viwango hivyo bila kujua, kwa sababu kila kopo lina zinki yake na seleniamu yake. Soma lebo zote, ujumlishe.

Chakula hakina hatari hiyo. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati mwanamume anahitaji miligramu 90 kwa siku. Nyanya zilizokaangwa kwa mafuta kidogo hutoa laikopini kwa urahisi kuliko mbichi. Karanga zina vitamini E, korosho zina zinki, dagaa na samaki wana seleniamu na yale mafuta laini ambayo mbegu inayajengea utando wake. Dagaa wawe wazuri tu. Waliochacha mafuta yao yamekwisha kuharibika.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Tangazo la dawa au kirutubisho cha uzazi linapoletwa mezani kwako, ulizeni namba ya usajili, kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kama ni dawa au TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kama kinauzwa kama chakula, na kama ni tiba asili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Linaloahidi matokeo kwa siku badala ya miezi lisichapishwe. Na makala ya afya inayomshauri mwanamume kutumia antioksidanti iwe na sentensi mbili zaidi: apime shahawa mara mbili katika maabara inayoandika saa ya kutoa na saa ya kusoma, na achunguzwe kwa mkono akiwa amesimama.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa maabara,
Morogoro